Mama Tehama na Watu Wasioshtaki

Katika ofisi yetu ya Kilindoni hakuna mtu aliyewahi kugusa kitu. Printa ikikwama, hakuna aliyeigusa. Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, mwenye nayo alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, anaitazama na kuapa kwamba hajagusa kitu. Mama Tehama alikuwa anakuja, anasimama nyuma ya kiti, anakisikiliza kiapo hicho mpaka mwisho, kisha anainama. Siku moja aliinama chini ya meza ya mhasibu akakuta plagi ya kompyuta imechomolewa na mahali pake pamechomekwa birika la chai.

"Hamjagusa kitu," alisema akiwa bado huko chini. "Basi hili birika limekuja kwa miguu yake."

"Mama, hapa Mafia kuna majini," mhasibu akajibu.

"Yapo. Na yanapenda tangawizi."

Alikuwa afisa tehama wa kituo, peke yake, hana msaidizi wala wa kumshikia ngazi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mishahara tu. Kwingine kote alikuwa Mama Tehama, hata kwa watu wa sokoni wasiojua tehama ni nini. Mtu wa Njombe, mrefu, mwembamba, na katika kisiwa ambacho watu hutembea wakijipepea, yeye alitembea amevaa sweta. Alikuwa ametoka chumba cha seva au anakwenda chumba cha seva.

Kampuni yetu ilinunua mwani na pweza kutoka vijiji vilivyomo ndani ya hifadhi ya bahari. Kila mzigo uliopimwa ulipaswa kuingizwa kwenye mfumo: umetoka maji gani, umeletwa na nani. Kwa sheria ya hifadhi, mzigo usiojulikana ulikotoka haukupanda boti. Kwa hiyo mtandao ukikatika, pweza alilala sakafuni kwenye ghala langu akisubiri, na pweza si kitu cha kusubiri. Ndiyo maana mimi, mtunza ghala, nilikuwa mtu wa kwanza kumkimbilia Mama Tehama, na ndiyo maana nilimwona kwa karibu kuliko wengi.

Aliogopa bahari kupita kiasi, na nusu ya kazi yake ilikuwa ng'ambo ya maji. Kituo chetu kidogo cha Juani kilikuwa na kompyuta moja na ruta moja, na ruta ile ilipenda kufa wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali na pweza wakipatikana kwa wingi. Siku ya safari alivaa jaketi la kujiokolea tangu ofisini. Alipanda nalo bajaji, akapita nalo mbele za watu mpaka Utende kwenye boti, akajibu salamu za njiani kama mtu aliyevaa koti la kawaida. Ndani ya boti alikaa chini kabisa, ruta mpya mapajani ndani ya mfuko wa plastiki, macho ameyafumba.

"Mama, fumbua uone kasa," nahodha alimwambia.

"Nitamwona siku atakapokuja ofisini."

Wimbi likawapiga ubavuni. Mama akashika ukingo kwa mikono miwili, midomo inakwenda. Nahodha akapunguza mwendo, akamwambia kwa upole, "Hii haizimwi ikawashwa, Mama. Hii unavumilia tu."

Hadithi hiyo alituletea mwenyewe, akaisimulia chumba kwa chumba, akiigiza sauti ya nahodha. Alipenda utani uliomwangukia yeye. Alichoficha ni kile alichokikuta Juani, nacho nilikisikia baadaye kwa dada mpimaji wa huko. Dada yule alikuwa ameifunika ruta kwa kanga mbili ili isiingie vumbi, doti nzima, na ruta ikaiva kwa joto mpaka ikafa. Alikuwa amesimama akingoja karipio. Mama alizikunja zile kanga vizuri, akamrudishia, akasema, "Umeilea kwa mapenzi. Ila huyu hapendi kufunikwa."

Upole huo haukufika bara. Watu wa makao makuu, Dar es Salaam, aliwasemesha kwa ulimi mwingine kabisa. Kijana mmoja wa huko alimpigia simu kuhusu seva iliyogoma, akaanza kwa kumuuliza kama amejaribu kuizima na kuiwasha.

"Mwanangu," Mama alisema, "mimi nilikuwa nazima na kuwasha wewe ukiwa mgongoni."

Chumba cha seva kilikuwa na kiyoyozi pekee kilichofanya kazi jengo zima, na mlangoni alikuwa amebandika tangazo la kuwakataza watu wote. Aliandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Lakini mwezi wa Ramadhani ukifika, kuanzia adhuhuri, Bi Zuhura wa mapokezi alikuwa humo, amekaa juu ya boksi katikati ya mashine, miguu ameinyoosha, macho ameyafumba, na Mama pembeni yake anafanya kazi na sweta lake. Hawakuzungumza sana. Mama ni Mkristo, alisema wazi kwamba yeye hafungi wala hajidai. Ila mwezi ule chupa yake ya maji haikuonekana mezani mpaka Idi.

Mimi nilijaribu kuutumia upole huo vibaya. Jokofu la ghala liliharibika, nikaingiza ndoo ya kamba chumbani mwake nikaificha nyuma ya betri. Alinikuta nje.

"Wale kamba uliowaacha mle," alisema, "wana paswedi?"

Habari za paswedi ndizo zilizomwumiza kichwa kuliko chumvi inayokula nyaya. Makao makuu walitaka zibadilishwe mara kwa mara, ziwe na herufi kubwa na ndogo, namba na alama, na asijue mtu mwingine. Kwetu jambo ambalo mtu mwingine halijui linatia wasiwasi. Siku moja Bi Zuhura alikuwa anaumwa nyumbani na kompyuta ya mapokezi inahitajika. Akampigia simu mwenye duka la jirani na ofisi. Mwenye duka akatoka nje, akaitangaza paswedi ile kwa watu wa kwenye baraza, nao wakaifikisha kwetu ikiwa sahihi, herufi kubwa mahali pake. Mama alituita sote ukumbini, akatugombeza karibu asubuhi nzima. Mchana wake alifungua hotipoti yake ya chakula, na aliyekaa mkabala naye akaona, chini ya kifuniko, kipande cha plasta chenye herufi, namba na alama. Hakuna aliyesema neno. Tulimheshimu.

Alipoletwa kisiwani aliona ni adhabu, na mwanzoni alisema hivyo hadharani. Mumewe alikwishafariki, watoto wamekua wana kwao. Alihesabu kukaa kidogo kisha aombe uhamisho. Badala yake akanunua kiwanja nje kidogo ya mji, chenye minazi michache, akamweka fundi akachimba msingi. Jumapili baada ya kanisa alikwenda kuutazama ule msingi, na nikipita na baiskeli yangu nilimkuta amesimama katikati yake, mahali patakapokuwa sebule.

"Nataka nistaafu nikiwa hapa," aliniambia. "Nikabidhi funguo za ofisi, nitembee kwa miguu mpaka kwangu. Basi. Sina ombi lingine."

Ombi hilo lilisimama juu ya kitu kimoja: nafasi ya afisa tehama wa Mafia iwepo mpaka siku hiyo. Bila nafasi ile angerudishwa Dar, na msingi ungebaki kuota majani. Sote tulijua, na sote tulimtaka abaki. Sisi ndio tuliomwondoa, kwa mapenzi.

Ilikuwa hivi. Makao makuu walileta utaratibu mpya wa tiketi. Kifaa kikiharibika, usimwendee fundi. Fungua ukurasa, chagua uzito wa tatizo, liandike, lipeleke. Tiketi inaonekana Dar, wakubwa wanaiona, na jina la fundi wa kituo lipo pale juu. Mama alitufundisha ukumbini, hatua kwa hatua. Tulisikiliza vizuri. Mwisho Bi Zuhura akanyoosha mkono.

"Yaani mimi niandike Dar kwamba shoga yangu hajafanya kazi?"

"Si kwamba sijafanya. Kwamba kuna tatizo."

"Kazi yako ni kusiwe na tatizo. Sasa nikiandika lipo, si nimekushtaki?"

"Siyo kushtaki, Zuhura. Ni taarifa."

"Taarifa inayokwenda kwa mkubwa wako, ina jina lako, inasema kuna kitu kibovu." Bi Zuhura aliwageukia wenzake. "Jamani, hiyo kwenu inaitwaje?"

Sote tulijua inaitwaje. Kisiwani kwetu mtu humpeleki mbele bila kwenda kwake kwanza. Unabisha hodi, unakaa, unauliza hali ya nyumbani, halafu ndipo unasema. Ukimwendea mkubwa wake kabla yake, umevunja ujirani. Mtu unayekaa naye chumba cha baridi mwezi mtukufu, utamwandikia nini Dar?

Kwa hiyo tuliendelea kumwendea mlangoni. Hodi, habari za asubuhi, habari za Njombe, na hii printa yetu Mama imeanza tena. Wakati mwingine na sahani ya pweza wa nazi. Naye alikuwa anainuka, anakwenda, anatengeneza. Nilimwuliza kwa nini hatulazimishi kuandika tiketi.

"Nitawaombaje watu wanilalamikie?" alisema. "Kuna mtu anaomba hivyo?"

Mwishoni mwa mwaka tulikaa mbele ya skrini kwa mkutano na vituo vyote. Mkubwa mmoja wa Dar alionyesha picha ya nguzo za rangi, kila kituo na tiketi zake. Vingine nguzo ndefu, vingine fupi. Sisi hatukuwa na nguzo.

"Mafia, mnatusikia?"

"Tunawasikia," tukaitikia wote kwa pamoja, kama darasani.

"Mafia hongereni sana. Kituo pekee ambacho hakina tatizo hata moja."

Tulipiga makofi. Meneja wetu alisimama. Nikageuka kumtazama Mama, nikaona hapigi makofi. Anaitazama ile sehemu tupu ya picha, mahali nguzo yetu ingekuwa.

Haikuchukua muda. Taarifa ikaja kwamba kituo kisicho na matatizo hakihitaji afisa wake. Kitahudumiwa na Dawati la Huduma kwa mbali, na Mama Tehama atahamia huko.

Ndipo tukaamka. Bi Zuhura alitukusanya ukumbini akafunga mlango, tukaandika tiketi mpaka vidole vikauma. Leo ninazikumbuka kwa huzuni na kwa kicheko. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwandika vibaya. Mhasibu aliandika kwamba kompyuta yake ilizimika juzi ila Mama aliiwasha upesi, Mwenyezi Mungu amzidishie. Dada wa Juani aliandika kwamba ruta inaendelea vizuri na inasalimia. Kwenye uzito wa tatizo, wote tulichagua la chini kabisa, tusiwatie watu hofu. Nahodha, asiyetumia kompyuta, aliniomba nimwandikie yake.

"Andika: hatuna tatizo na huyu mama. Msimwondoe."

"Nahodha, hii ni ya kueleza tatizo."

"Tatizo si ndiyo hilo? Kwamba wanamwondoa."

Niliandika kama alivyosema. Dar walizifunga zote siku ileile, wakaweka alama kwamba matatizo yametatuliwa. Ya nahodha ilijibiwa kwamba hiyo si tiketi.

Mama alizisoma moja baada ya nyingine kwenye skrini yake. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nyinyi watu," alisema, "hamfai kabisa."

Aliondoka kwa boti ya asubuhi kwenda Nyamisati, bara, macho ameyafumba tangu gatini. Kiwanja alimwachia nahodha akiangalie.

Baada ya hapo kituo chetu kilibadilika tabia. Printa ilikwama, na hapakuwa na mlango wa kubisha. Dar kulikuwa na Dawati, na Dawati halina mama, halina kwao, halijala pweza wako. Bi Zuhura alianza taratibu, tiketi moja, ya pili. Kisha mkono ukazoea. Wengine wakafuata. Watu ambao hawakuweza kuandika neno moja baya walikuwa sasa wanashindana kwa ukali, na wanasomeana walichoandika kabla ya kukituma.

Zaidi ya mwaka ulipita. Nikaitwa Dar kwa mafunzo ya mfumo mpya wa ghala, na mchana wa siku ya kwanza nikapanda ghorofani kumtafuta. Dawati la Huduma ni ukumbi wa watu waliokaa kwa safu, kila mmoja na skrini yake, hakuna anayemtazama mwenzake. Alikuwa karibu na dirisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinigeuza kwa bega kunikagua. "Umekonda. Huko samaki wamekwisha?"

Tulishuka kwa mama ntilie aliye nyuma ya jengo, tukaagiza wali na maharage. Aliuliza habari za kila mtu kwa zamu, hata za jokofu la ghala. Nilimwambia nahodha amefyeka majani kwenye kiwanja. Nilimwambia pia, kwa aibu kidogo, kwamba siku hizi tunaandika tiketi.

"Najua," alisema. "Ninazijibu mimi."

Akatoa simu, akanionyesha moja aliyokuwa ameihifadhi. Ilikuwa ya Bi Zuhura. Ilisema mtandao hakuna tangu jana, na kwamba nyinyi mnaokaa kwenye viyoyozi mnatuona sisi samaki, na kama kazi imewashinda semeni tujue. Mama aliisoma kwa sauti, kwa furaha ya mzazi anayesoma maendeleo ya mtoto shuleni.

"Umeona uzito aliochagua? Dharura. Zuhura huyu, amechagua dharura."

"Anajua ni wewe?"

"Hapa hatuandiki majina. Kila jibu linatoka kwa Dawati la Huduma."

Halafu akaniambia jambo lenyewe. Nguzo ya Mafia sasa ilikuwa ndefu kuliko za vituo vyote. Wakubwa walikuwa wameshtuka. Nafasi ya afisa tehama ilikuwa inarudishwa, ilibaki kusainiwa. Na mkubwa wake alimwita akamwuliza kama yuko tayari kurudi.

Nilifurahi mpaka nikaacha kula. "Ukamwambia unakwenda lini?"

Mama alikuwa anachambua maharage kwa kijiko, anayasogeza upande mmoja wa sahani.

"Nikirudi, Zuhura ataandika?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hataandika. Atakuja mlangoni na sahani. Na wewe utakuja na kamba wako. Baada ya mwaka mtakuwa tena kituo kisicho na tatizo, mtapigiwa makofi, na nafasi itafungwa. Mara hiyo hawataifungua."

"Tutaandika, Mama. Tumeshajifunza."

"Mmejifunza kumwandikia mtu msiyemjua."

Nilimwona Bi Zuhura akilini, ameshika sahani, anabisha hodi kwa kisigino.

"Nimewaambia wapeleke mgeni," Mama akaendelea. "Nimesema awe mkali kidogo, asiyependa mazoea. Huyo mtamwandika mpaka achoke, naye atakaa. Angalau pweza wako hawatalala sakafuni."

"Na wewe? Na kile kiwanja?"

"Kiwanja hakihamishwi na mtu. Nitastaafu hapa, nitakuja." Alisema hivyo akitazama sahani. Kustaafu kwake kulikuwa bado mbali, na sote wawili tulijua. Kisha akanishika mkono juu ya meza. "Ila usimwambie Zuhura kwamba ni mimi. Akijua ataacha leo hii, na hiyo nafasi haijasainiwa."

Nilirudi kisiwani na mzigo wa zawadi zake: majani ya chai ya Njombe kwa ofisi nzima, na kanga kwa dada wa Juani. Nilimkuta Bi Zuhura mapokezi, miwani puani, skrini mbele yake nyeupe.

"Ulimwona shoga yangu?"

"Nilimwona. Anakusalimu sana."

"Nimezipokea. Wamempa kazi gani huko?"

"Ya ofisini."

"Wamtunze tu." Alinusa yale majani ya chai, akayaweka kwenye droo yake. "Sasa ngoja niwamalize hawa. Mtandao toka asubuhi unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa."

Aliandika kwa vidole viwili, akipiga kibodi kwa nguvu, akijisomea kwa sauti maneno ambayo sitayarudia. Alichagua dharura. Akatuma. Nilikuwa nimeshika mlango wa kwenda ghalani, nikasimama. Jibu lilikuja hajavua miwani bado: Tumepokea. Tunashughulikia.

Bi Zuhura aliitazama skrini, akatikisa kichwa.

"Ona watu hawa," alisema. "Hata salamu hawana."